Goti, sikio na sindano zilizoachwa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia. Mgonjwa wake si mtu mmoja, ila yote yanayompata hutokea kliniki. Ni mwanamke wa miaka 58 ambaye goti la kulia limemuuma kwa miaka minne. Ana kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, na figo zilizoanza kuchoka. Alitibiwa kwa sindano za sikioni (akupancha), zikamsaidia, kisha zikamletea maambukizi ambayo yangeweza kumharibia sikio.

Hali aliyokuja nayo

Maumivu akitembea anayapa 7 kwa kipimo cha 0 hadi 10, akipanda ngazi 8, akiwa amekaa 2. Kuinuka kitini, kutembea mita tatu, kugeuka na kurudi kukaa kunamchukua sekunde 19. Goti linakunjika hadi nyuzi 110 na kukwaruza, halina joto wala halijajaa maji. Eksirei inaonyesha nafasi ya upande wa ndani wa goti imebana, na vinundu vya mfupa vimeota pembeni: osteoathraitisi, yaani kuchakaa kwa kiungo, ya daraja la 3.

Kabla ya kuligusa sikio, mambo mawili yalihakikishwa. Nyonga ilikaguliwa, maana nyonga mbovu hupenda kuumia gotini, na mtu anaweza kutibu goti mwaka mzima bila kumgusa mwenye kosa. Pia ilihakikishwa kwamba goti halijavimba ghafla, halina joto na mgonjwa hana homa. Kwa mwenye kisukari, goti lililovimba ghafla na lenye joto huhesabiwa kuwa na usaha ndani hadi maji yake yachunguzwe. Kumtuliza mgonjwa huyo kwa sindano za sikioni ni kumcheleweshea matibabu.

Dawa ndizo zilizombana. Alitumia diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa miezi mingi, hadi kipimo kilipoonyesha figo zinachuja mililita 38 tu kwa dakika. Diklofenaki ikasimamishwa, metformini ya kisukari ikapunguzwa hadi gramu 1 kwa siku, gliklazidi ya kisukari na amlodipini ya shinikizo la damu zikaendelea. Parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku haimtoshi. Sindano ya steroidi ndani ya goti ingempandishia sukari kwa siku kadhaa, na HbA1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, tayari ni asilimia 8.4. Mazoezi ya kuimarisha msuli wa mbele wa paja, ambayo ndiyo tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa goti la aina hii, aliyaacha kwa sababu kila akijaribu goti linawaka.

Sikio liliingia hapo. Lengo halikuwa kuponya gegedu la goti, kwa sababu hakuna sindano ya sikioni inayofanya hivyo, na anayemwambia mgonjwa vingine anamdanganya. Lengo lilikuwa kupata muda wa maumivu madogo ili mazoezi yaanze.

Ramani mbili, goti moja

Katika miaka ya 1950, Paul Nogier, daktari wa Lyon, Ufaransa, alikuta wagonjwa wenye kovu dogo la kuchomwa kwa moto sikioni waliosema maumivu yao ya neva ya mguu yaliisha baada ya kuchomwa hapo. Mwaka 1957 alichapisha ramani inayolichukulia sikio kama mtoto aliye tumboni, kichwa kikiwa chini kwenye ndewe na miguu juu. Wachina waliichukua ramani hiyo, wakaijaribu na kuiongezea, na matokeo yake ni mifumo miwili ambayo haikubaliani kila mahali. Goti ni mfano mzuri: Nogier aliliweka ndani ya shimo la pembetatu, lile bonde lililo juu kati ya matawi mawili ya antiheliksi, yaani tuta la ndani linalofuata ukingo wa sikio. Ramani ya Kichina inaliweka kwenye tawi la juu la antiheliksi lenyewe, na kuipa pointi hiyo namba AH4. Umbali kati ya sehemu hizo ni milimita chache tu, lakini sindano ni ndogo kuliko hizo milimita.

Jibu la kliniki ni kutafuta kote na kuchoma panapouma. Uchunguzi wa Oleson na wenzake wa mwaka 1980 ndio unaotajwa sana kuunga mkono njia hiyo. Wagonjwa 40 walifunikwa mwili ili mchunguzi asijue wanaumwa wapi, na alichokigundua sikioni kwa kugusa na kwa kifaa cha umeme kilikubaliana na ugonjwa wao kwa asilimia 75.2. Hiyo inahusu kutambua, si kutibu. Upande wa tiba, Melzack na Katz waliwapima wagonjwa 36 wa maumivu sugu mwaka 1984, wakaona kusisimua pointi za sikio kwa umeme hakukushinda tiba ya uongo. Tafiti zilizofuata zimekuja na majibu mchanganyiko, na sababu mojawapo ni kwamba sikioni tiba ya uongo haipatikani kirahisi. Konka, yaani bakuli la katikati ya sikio, ina tawi la neva ya vegasi, ile inayoweza kushusha mapigo ya moyo, na sehemu kubwa inayobaki inahudumiwa na neva zitokazo shingoni C2 na C3 pamoja na tawi la neva ya tano ya kichwa. Ukichoma popote hapo, kuna neva utakayoigusa.

Kwa hiyo mgonjwa aliambiwa hivi: njia hii huwasaidia baadhi ya watu kwa saa au siku chache, hatujui kama wewe ni mmoja wao, tutajua leo leo, na isipokusaidia baada ya vikao vitatu tutaiacha.

Kikao cha kwanza

Maswali ya awali yalikuwa mahususi. Anatumia dawa za kupunguza damu kuganda? Ana valvu ya bandia ya moyo? Amewahi kufanyiwa upasuaji wa sikio? Hereni za bei nafuu humuwasha? Amewahi kuzimia akichomwa sindano? Majibu yote yalikuwa hapana. Swali la hereni huulizwa kwa sababu ya nikeli: anayewashwa na hereni anaweza kuwashwa na sindano, na wekundu wa mzio unaweza kudhaniwa maambukizi.

Sikio hutazamwa kabla ya kusafishwa. Spiriti ikishapita inaondoa magamba na mafuta, na kuipa ngozi wekundu usiokuwepo. Baada ya kutazama, lilipapaswa kwa kijiti chenye springi ya gramu 250 na ncha butu. Springi ina kazi yake: mkono wa mtu hubonyeza zaidi pale anapotarajia kupata kitu, naye mgonjwa hulalamika, na tabibu akajiona amepatia. Mgonjwa aliulizwa, "Mama, hapa na hapa, ni wapi panachoma zaidi?" bila kudokezwa kipi ni goti. Katika shimo la pembetatu alisema kidogo. Kwenye tawi la juu la antiheliksi alifumba macho na kuvuta kichwa. Kuvuta kichwa kuna uzito kuliko jibu la mdomo. Pointi ya Shen Men, TF4, iliyo sehemu ya juu ya shimo la pembetatu karibu na matawi yanapogawanyika, nayo iliuma, na pia pointi iitwayo thalamasi (jina la sehemu ya ubongo) kwenye ukuta wa ndani wa antitrago, kile kinundu kilicho juu ya ndewe. Alama ya kijiti hubaki kwenye ngozi kama kidimbwi kidogo kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo kalamu haikuhitajika.

Mgonjwa alilazwa nusu, mgongo ukiinuliwa nyuzi kama 45. Hata asiyewahi kuzimia asichomwe akiwa amekaa kitini kikao cha kwanza. Sikio lina neva ya vegasi, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Ngozi ilipanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe kwa nusu dakika. Kuchoma ngozi ikiwa bado mbichi kunawasha, na spiriti isiyokauka haijamaliza kazi yake.

Sindano zilikuwa za milimita 0.20 kwa 13, zisizo na dawa, za kutumika mara moja. Zilizama milimita 1 hadi 2, zikasimama bila kuanguka. Sindano inayoanguka haijaingia vya kutosha, na inayosimama ngumu kabisa huenda imeingia ndani ya gegedu. Sikio lilishikwa kwa kingo zake, kidole gumba mbele na cha shahada nyuma, mbali na pointi. Kuweka kidole nyuma ya pointi ili kulishikiza sikio ni tabia ya wengi, na ndivyo tabibu anavyojichoma kwa sindano iliyopita upande wa pili.

Baada ya kila sindano mgonjwa alisubiri dakika moja, kisha akakunja na kunyosha goti akiwa kitandani na kutoa namba. Shen Men: kutoka 7 hadi 6. Goti: hadi 4. Thalamasi: hadi 3. Sindano ya nne haikuwekwa. Mtu akishafika 3, kuongeza sindano ni kuongeza matundu. Zilikaa dakika 25, zikatolewa, zikahesabiwa tatu, na kila tundu likabanwa kwa pamba kavu, maana sikio hutoa damu kuliko watu wanavyodhani. Alipotembea tena zile mita tatu alitumia sekunde 15.

Kwa maumivu sugu, kupungua kwa pointi 2 au asilimia 30 ndiko kunakochukuliwa kuwa nafuu ya maana. Huyu alivuka hapo. Je, ni kitanda, maneno ya upole au sindano? Kikao kimoja hakitenganishi hayo, na tabibu hapaswi kujifanya kinatenganisha.

Uamuzi uliokosewa

Wiki moja baadaye alirudi na kusema nafuu ilidumu siku mbili, kisha maumivu yakarudi hadi 6. Hapo tabibu alisoma siku hizo mbili kama dozi isiyotosha. Akaweka sindano tatu za kubaki, zile fupi zenye kichwa kinene zinazoachwa sikioni, kwenye pointi zilezile. Kwenye jalada aliandika: "Sikio la kulia, sindano 3, zitadondoka zenyewe."

Sentensi hiyo ina makosa matatu, nalo la nne halikuandikwa kabisa.

Kwanza haina tarehe ya kutolewa. Ni kweli sindano hizi kwa kawaida hudondoka ndani ya siku chache, ila mgonjwa aliyeambiwa "zitadondoka" hana siku ya kuanza kuwa na wasiwasi. Pili haisemi zimewekwa wapi, kwa hiyo atakayezitafuta baadaye hajui pa kutafuta. Tatu, hakuna neno lolote kuhusu dalili za hatari. La nne ni mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa uliomnyima vidonge, kwa kumuharibia figo, ndio unaomfanya asiwe mtu wa kuachiwa chuma ndani ya ngozi iliyolalia gegedu. HbA1c ya 8.4 ilikuwa ukurasa wa kwanza wa jalada lilelile. Ilisomwa ili kukataa steroidi gotini, haikusomwa ilipofika zamu ya sikio.

Gegedu la sikio halina mishipa ya damu ya kwake. Linalishwa na utando mwembamba unaolifunika. Vijidudu vikiingia kati ya utando na gegedu, usaha hukusanyika, utando hubanduka, na gegedu hukosa chakula na kufa. Linalobaki ni sikio lililokunjamana, na halirudi. Kijidudu kinachopatikana mara nyingi hapo ni Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa maji na unyevunyevu, na baada yake Staphylococcus aureus.

Siku ya tano

Mgonjwa hulalia upande wa kulia. Sindano ya goti ilianza kumuuma siku ya tatu, akaibonyeza akidhani ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa aliwahi kusikia kwamba mbegu za sikioni, zile zinazobandikwa kwa plasta juu ya pointi, hubonyezwa. Mbegu hubonyezwa. Sindano haibonyezwi. Alioga na kulowesha kichwa kila siku. Siku ya tano sehemu ya juu ya sikio ilikuwa nyekundu, imevimba, ina joto, na kuligusa hakuvumiliki. Joto la mwili lilikuwa 37.6.

Ishara iliyoamua ni ndewe. Ilikuwa ya kawaida kabisa: laini, rangi yake, haiumi. Ndewe haina gegedu. Maambukizi ya ngozi ya juu huenea hadi kwenye ndewe, lakini maambukizi ya utando wa gegedu huikwepa. Mzio wa nikeli nao huwasha kuliko kuuma, na hufuata umbo la chuma chenyewe. Kwa hiyo ilikuwa maambukizi ya utando wa gegedu hadi ithibitike vinginevyo.

Sindano mbili zilionekana. Ya tatu, ile ya goti, ilikuwa imezamishwa na uvimbe, kichwa chake kikiwa chini ya ukingo wa ngozi. Ilipatikana kwa kukuza na kutolewa kwa kibano chembamba. Hapa ndipo idadi kwenye jalada ilipookoa. Lau isingeandikwa "3", mtu angeridhika na mbili. Usaha kidogo uliotoka ulipelekwa maabara kuoteshwa vimelea na kupimwa usikivu wa dawa kabla ya kidonge cha kwanza. Sikio lilibonyezwa polepole kwa vidole viwili kuona kama kuna majimaji yanayocheza chini ya ngozi. Hayakuwepo. Yangekuwepo, angepelekwa siku hiyohiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo ili jipu lipasuliwe, kwa kuwa vidonge peke yake haviponyi jipu lililokaa juu ya gegedu.

Alipewa siprofloksasini miligramu 500 kila saa 12 kwa siku 10. Kosa linalorudiwa mno hapa ni kutoa amoksisilini, au amoksisilini yenye klavulaneti, kwa mazoea ya jeraha la ngozi. Zote mbili hazimgusi Pseudomonas, na siku mbili zinazopotea ni siku za gegedu. Kiasi cha siprofloksasini hulinganishwa na figo, na kwa uchujaji wa 38 miligramu 250 hadi 500 kila saa 12 zinakubalika. Mambo mawili zaidi yalimhusu yeye hasa. Siprofloksasini pamoja na gliklazidi inaweza kushusha sukari ghafla, basi akaelekezwa kupima sukari mara nne kwa siku na asiruke mlo. Pia dawa hii inaweza kuumiza kano, na alikuwa ameanza mazoezi ya mguu, basi yakasimamishwa kwa siku hizo 10, na akaambiwa kwamba maumivu mapya nyuma ya kisigino ni sababu ya kuacha dawa na kupiga simu. Vidonge vilimezwa saa mbili kabla ya maziwa na dawa za kupunguza asidi, au saa sita baada yake, kwani huzuia dawa isifyonzwe.

Mpaka wa wekundu ulichorwa kwa kalamu. Saa 24 baadaye wekundu ulikuwa palepale, saa 48 ulirudi ndani ya mstari. Maabara ilileta Pseudomonas aeruginosa inayosikia siprofloksasini. Siku ya 10 sikio lilikuwa limepona, umbo halikubadilika, ikabaki ngozi inayochubuka tu.

Siku mbili zilivyopaswa kusomwa

Rudini kwenye kikao cha pili. Siku mbili za nafuu hazikuwa upungufu. Kwa mtu ambaye shida yake ni kwamba hawezi kufanya mazoezi, siku mbili za maumivu ya 3 kila wiki zinatosha vikao viwili vya mazoezi, na vikao viwili kwa wiki ni kiwango cha kutosha kuanza kuujenga msuli wa paja. Tabibu alirefusha muda wa sindano, wakati kilichohitajika ni kupanga mazoezi yaangukie ndani ya muda uliopo.

Ndivyo ilivyofanywa baada ya kupona. Sindano za kawaida dakika 25, mara moja kwa wiki, sikio la kushoto, kwa kuwa la kulia liliachwa lipumzike. Pointi zilitafutwa upya, hazikuhamishwa kwa kudhani. Pointi ya goti kwenye sikio hilo ilipatikana tena kwenye AH4 na thalamasi haikuuma, ikaachwa. Saa moja baada ya kila kikao, na tena kesho yake, alifanya mazoezi matatu: kukaza msuli wa paja akiwa amelala, kunyosha goti akiwa kitini, na kuinuka kitini bila mikono, kila moja seti tatu za mara 10.

Kati ya vikao iliwekwa mbegu moja ya mmea wa vaccaria kwa plasta juu ya ngozi isiyotobolewa, siku tatu tu, kwenye Shen Men, akibonyeza dakika moja mara tatu kwa siku bila kusugua. Kusugua ndiko kunakochubua ngozi, na kwake ngozi iliyochubuka ni mlango uleule. Mbegu zenyewe si salama moja kwa moja. Plasta ikilowa na kukaa wiki, ngozi iliyo chini huoza.

Karatasi ya nyumbani ilibadilika pia. Sasa ina siku na saa ya kutoa kilichowekwa, idadi, mchoro wa sikio wenye nukta, na mistari miwili: likiuma zaidi leo kuliko jana, toa hapohapo nyumbani, likiwa jekundu, njoo leo, usisubiri miadi. Kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa, wenye valvu ya bandia, na wanaotumia dawa za kushusha kinga, kliniki haiweki tena sindano za kubaki sikioni. Kuna wanaoona hilo ni kukaza mno, kwa sababu matatizo haya ni machache. Ni machache kweli, lakini mgonjwa wa aina hii ana njia mbadala isiyo na hatari hiyo na ambayo haina ushahidi wa kuwa dhaifu kuliko sindano za kubaki.

Baada ya vikao sita vya namna hiyo, maumivu akitembea yalikuwa 4, ngazi 5, na zile mita tatu sekunde 13. Ni kiasi gani kinatokana na sikio na kiasi gani na paja haiwezekani kusema, na kwa uamuzi uliokuwa mezani haikuhitajika. Alianza kufanya mazoezi hata siku zisizo za sindano, na maumivu hayakupanda. Kikao cha saba kilifutwa, mazoezi yakabaki mara tatu kwa wiki, na miadi iliyofuata ikawa ya kupima figo na HbA1c.